Tulivyoiombea Shehena ya Makombora

Mume wangu alikuwa mpiga namba kiwandani. Kila kombora la mzinga lililotoka kwenye karakana yao lilipita mbele yake, akaligonga namba ubavuni kwa mashine, likaenda zake. Kazi hiyo aliifanya zaidi ya miaka ishirini, kiwanda kikiwa upande wa mashariki wa Johannesburg, na watu wakiniuliza mzee anafanya kazi gani nilikuwa nikiwajibu yuko kwenye vyuma. Aibu sikuwa nayo. Ila sipendi kuhojiwa, na watu wa mji huu ukiwapa swali moja wanataka na la pili.

Tulikutana Morogoro. Yeye alikuwa kijana aliyekimbia nchi yake na kufunzwa kupigana ili aje aikomboe, mimi msichana wa pale mjini nisiyeambilika. Nchi yake, Afrika Kusini, ilipopata uhuru nikamfuata. Tukapata nyumba mtaa wa Bertrams, karibu na uwanja mkubwa, ambako siku ya mechi hupati hata pa kuweka ndoo mbele ya geti kwa wingi wa magari ya wageni. Akapata kazi ya namba, na akaipenda kweli. Alikuwa akisema zamani silaha za nchi hii ziliuzwa kwa yeyote mwenye fedha zake, lakini serikali mpya, ile waliyoipigania wao, imeweka sheria: silaha haiendi nje mpaka mawaziri fulani wakae na kukubaliana, na Bunge nalo linawauliza mawaziri hao wamemuuzia nani na kwa nini. Namba yake ndiyo mwanzo wa yote hayo, maana kitu chenye namba kinajulikana kilikokwenda. Nilikuwa namwacha aseme huku nachambua mchele wangu.

Mwaka 2019 maneno yale yakageuka. Kulikuwa na shehena kubwa iliyokwisha kutengenezwa na kupangwa ghalani, ikisubiri kwenda kwa nchi rafiki, tajiri, ya mbali, ambayo wakati huo ilikuwa vitani. Ikakwama. Mzee akarudi nyumbani akasema Bunge ndilo limeikwamisha. Kesho yake akasema si Bunge, ni mawaziri. Kesho yake tena akasema hapana, mkaidi ni huyo rafiki mwenyewe. Nikamwambia ajipange kwanza ndipo aje kunieleza.

Ikabidi tumuulize binti yetu, aliyekuwa chuoni. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Alichotueleza ni kwamba mnunuzi hutakiwa kuahidi kwa maandishi kuwa hatampa mtu mwingine silaha zile, na pia akubali wakaguzi kutoka Afrika Kusini waende kwake wazitazame. Rafiki yetu alikuwa amewakataa wakaguzi. Alisema ni dharau, hawezi kupekuliwa nyumbani kwake. Na wabunge walikuwa wakiwabana mawaziri wasilegeze, kwa sababu wakilegeza hakuna atakayejua makombora yameishia kwa nani.

Kwa kitambo kidogo nilielewa, kisha nikaona sielewi tena. Kama ni rafiki, kumkagua kwa nini? Na kama tunadhani atafanya ubaya, urafiki umetoka wapi? Binti akasema hayo hayo ndiyo wanayogombania, akarudi kwenye simu yake.

Kiwandani wakaambiwa kwamba shehena isipotoka, karakana ya mzee itafungwa. Kwa umri wake hakuna ambaye angemwajiri mahali pengine, na sisi sote wawili tulilijua hilo bila kulisema. Akawa anakaa uani kwenye kiti chake, na ukimpelekea chai inapoa hapo hapo. Siku moja akafoka peke yake. Akasema wao vitani walipewa bunduki na marafiki, na hakuna aliyekuja kuwakagua, kwa hiyo urafiki wa kweli ndio huo. Ningenyamaza ingekuwa heri, lakini mdomo wangu ndio ule ule wa Morogoro. Nikamwambia walikaguliwa. Kaka yangu alikuwa mwanajeshi wa Tanzania, alilinda ghala, na kila akija likizo alikuwa akilalamika kwamba kazi yao ni kuhesabu bunduki za wageni zikiingia na kuzihesabu tena zikitoka.

Mzee akanigeukia.

"Hatukuambiwa," akasema.

"Mlikuwa wageni," nikamjibu.

Akainuka akaingia ndani. Sikujua kama nimemsaidia au nimemwumiza.

Kila Jumatano mchana nilikuwa nikipanda mtaa wa Bellevue kwenye maombi ya kina mama wa kanisa letu. Tulikutana kwenye chumba kimoja cha nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vingi, wengi wetu Wakongo, Warundi wawili watatu, na mimi Mtanzania peke yangu. Kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Hujiombei mwenyewe. Unamgeukia aliyekaa karibu nawe, unampa haja yako, naye anakupa yake, na kila mmoja anabeba ya mwenzake, anafunga na kuomba mpaka ijibiwe. Ikijibiwa, anayesimama kutoa ushuhuda ni yule aliyeibeba, mwenye haja anakaa kimya. Na ukishaipokea huirudishi.

Jumatano ile aliyekaa karibu nami alikuwa msusi wangu. Huyu ni mama wa makamo, ametoka upande wa Uvira, mashariki ya Kongo, na alikuwa amenisuka miaka mingi. Nilimpenda kwa sababu mkono wake mwepesi na hana maneno. Nilikuwa nimechoka na habari ya vyuma, nikamweleza kila kitu kama kilivyo: makombora, rafiki mkaidi, wabunge, karakana. Nikamwambia haja yangu ni shehena itoke ili mume wangu abaki na kazi yake.

Wenzetu wote walikuwa wamekwisha kuinamisha vichwa.

"Ile vitu ya bwana yako," msusi akaniuliza baadaye, "inakuwaka na namba?"

Nikasema ndiyo, vyote vina namba, mume wangu mwenyewe ndiye anayezipiga.

Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini na bila kulia, kwamba alipokuwa msichana kombora liliangukia jiko lao, na mama yake alikuwa humo ndani. Kipande kimoja kilichobaki kilikuwa na namba. Baba yake alikiokota, akakiosha, akakiweka dirishani, na kikakaa hapo miaka. Alikuwa na hakika kwamba iko siku atakuja mtu wa serikali fulani kuuliza.

"Namba ilikuwa," akasema. "Hakuna mutu alikuya kuisoma."

Nikamsihi aiache haja yangu, nitamtafuta mwingine wa kuibeba, tena nitamweleza kiongozi wetu mimi mwenyewe. Akakataa. Akasema haja hairudishwi, njo vile tulipatana, yaani ndivyo tulivyokubaliana. Kisha akanipa yake. Dada yake bado anaishi kule milimani juu ya Uvira, na milio ya risasi imeanza kusikika tena. Alitaka ile milio inyamaze, basi.

Niliteremka Bertrams kwa miguu nikiwa sijui nifikirie nini. Mimi nimebeba risasi zinyamaze. Yeye, aliyefiwa na mama yake jikoni, amebeba makombora yatoke. Na wote wawili tunamwomba Mungu yule yule, wiki ile ile. Nilimwuliza mzee kama vitu vyao viliwahi kufika Kongo. Akasema havikufika, haiwezekani, sheria hairuhusu. Nikamwuliza anajuaje. Yeye anayajua makombora mpaka getini tu, ambako yanapakiwa kwenye lori. Nikamsimulia habari ya kipande kile cha dirishani, na usiku ule hakula.

Haikupita muda tukasikia wabunge wa kamati inayosimamia mambo hayo wanakuja kukitazama kiwanda. Wakubwa wakamchagua mzee awe msemaji wa wafanyakazi, kwa sababu ya mvi zake na kwa sababu aliwahi kupigania nchi. Wakamwambia aseme juu ya ajira, familia, watoto wanaosoma, basi. Nikampigia pasi shati lake jeupe. Nilimwombea pia, ingawa kwa utaratibu wetu haikuwa zamu yangu.

Aliporudi alikuwa amelegeza tai, na sura yake siwezi kuisema ni ya furaha au ya msiba. Alinisimulia kwamba alianza vizuri, kama alivyofundishwa. Kisha mbunge mmoja, mama wa umri wangu hivi, akamwuliza kwa upole tu kazi yake ni ipi. Akasema anapiga namba. Na hapo, anasema, maneno yakatoka yenyewe. Akawaambia amepiga namba miaka yote hiyo na hajawahi kusikia kwamba kuna aliyekwenda kuzisoma huko zilikokwenda. Akawaambia hata wao wapiganaji zamani bunduki zao zilihesabiwa na wenyeji wao, na hawakufa kwa kuhesabiwa. Wakubwa wake wakaanza kukohoa. Yule mama akamwuliza sasa yeye anataka nini, shehena itoke au isitoke.

"Ukamjibu nini?" nikamwuliza.

"Nikasema nataka itoke, na nataka muifuate."

"Hayo ni mambo mawili, baba."

"Eish, mama, najua. Yote mawili ni yangu."

Alitaka nimwambie kama ameharibu. Kuna dakika nilimwonea fahari mpaka machozi yakanilenga, na dakika iliyofuata nilitaka kumzaba kofi kwa kuchezea ugali wetu mbele ya wakubwa. Nikampa maji ya kunywa.

Tukakaa kusubiri. Nilipokwenda kusuka nikamkuta msusi wangu midomo imemkauka. Wateja wake walimletea soda, naye akaziweka chini ya meza. Alikuwa anafunga kwa ajili ya shehena yetu. Mimi nami nilifunga kwa ajili ya dada yake, ingawa sikuwa hodari, mara nyingine nilisinzia katikati ya maombi nikazinduka nimesahau nilikuwa namwombea nani. Hatukuizungumzia tena habari ile. Alinivuta nywele na kunisuka, kama siku zote.

Halafu shehena ikatoka. Sharti la ukaguzi halikufutwa, liliandikwa upya. Wakaguzi wataweza kwenda, lakini kwanza mabalozi wazungumze, na rafiki akubali siku ya kutembelewa. Binti alipoyasoma kwenye simu alicheka, akasema huo ni ugeni, si ukaguzi. Wapo wabunge waliolalamika na wapo waliopongeza. Malori yakapakia, karakana haikufungwa. Nilipika pilau, nikala na sikusikia ladha yake vizuri. Mzee alimwuliza msimamizi wake kama sasa atakuwepo mtu wa kwenda kuzisoma namba. Akajibiwa hilo si la idara yao. Akarudi kwenye mashine yake akaendelea kugonga.

Jumatano iliyofuata nilitamani nisiende, lakini nikaenda. Wakati wa ushuhuda msusi wangu akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akatazama ukutani.

"Niliomba muzigo itoke," akasema. "Imetoka. Bwana ya huyu mama iko na kazi."

Kina mama wakapiga vigelegele. Walifurahi kweli, wengi wao ni wachuuzi, wanajua uchungu wa mzigo kukwama. Nami nikapiga makofi, kwa sababu desturi inataka hivyo na kwa sababu mume wangu alikuwa na kazi. Kiongozi akauliza kama kuna mwingine mwenye ushuhuda. Nikabaki nimekaa. Wiki ile ile dada wa msusi alikuwa amepiga simu kwamba milio haijanyamaza, na wamelala porini na watoto.

Msusi akaketi, akasogeza kiti chake karibu na changu. Hakuwa na hasira hata kidogo, nami ningependa angekuwa nayo.

"Ya kwako nimemaliza," akaniambia. "Ya kwangu uko nayo bado."

Nikamwambia ninayo. Ninayo mpaka leo.