Fundi Brashi anafuta kizoleo alichokichora kwenye kuta kumi na moja

Saa moja asubuhi, Jumamosi, darasa la chekechea halina mtoto hata mmoja. Viti vidogo vimepandishwa juu ya meza, miguu ikitazama dari. Mwanamume wa miaka hamsini na miwili amepiga magoti mbele ya ukuta, kikwangulio mkononi, anakwangua picha aliyoichora mwenyewe.

Ni picha ya kizoleo, kile cha kuzolea takataka mtu akishafagia. Ni chekundu, kina mpini mweusi, na kimechorwa vizuri kiasi cha kukutia hamu ya kunyoosha mkono ukichukue. Juu yake kuna neno moja la Kiingereza: "groom".

"Kazi safi hiyo," anasema bila kugeuka. "Ubaya wake ni uongo."

Groom si kizoleo. Groom ni bwana harusi.

Mtaani wanamwita Brashi, kwa sababu haijatokea siku akakutwa bila brashi mfukoni. Anachora mabango ya vinyozi, namba za nyumba na majina ya maduka ya dawa. Lakini kazi iliyomjengea jina ni kuta za chekechea.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachukua maneno matatu ya Kiingereza yenye mwisho unaofanana sauti, unayaandika yakifuatana, na chini ya kila neno unachora maana yake. "Cat" paka, "rat" panya, "mat" mkeka. "King" mfalme, "ring" pete, "wing" bawa. Mtoto anaimba sauti, anatazama picha, maana inaingia yenyewe.

"Broom" ni ufagio. "Room" ni chumba. La tatu ndilo lililomponza.

Miaka kumi na mitano iliyopita, mwalimu wa darasa hili alimpa karatasi yenye maneno thelathini. Brashi aliacha shule darasa la tano, akaenda kusugua msasa kwa fundi wa rangi. Ila ili apate kazi, alimwambia mwalimu kwamba alifika kidato cha pili.

"Ukishasema hivyo, umejifungia mlango," anasimulia. "Utarudi vipi kumuuliza mtu yule yule neno hili maana yake nini?"

Basi akauliza kwingine. Muuza dawa alimpa maneno sita, karani wa posta akampa manne, fundi viatu aliyewahi kufanya kazi kwa wageni akampa mengi tu pamoja na matusi mawili ya bure. Yalipatikana ishirini na tisa. Likabaki moja, na ukuta ulikuwa unasubiri.

Akakaa na kikombe cha chai, akalitafuta kwa akili yake.

"Kwetu ukisema pika, mpishi, mapishi, jiko ni lile lile. Nikaona na Kiingereza kitakuwa hivyo. Cat na rat wanafanana sauti kwa sababu ugomvi wao ni mmoja. Broom na room zinafanana kwa sababu hii inafagia kile. Sasa umeshafagia chumba, taka ziko pale katikati. Unahitaji nini?"

Anakigonga kizoleo kwa kikwangulio.

"Siku ile nilijiona profesa."

Malipo yake yalikuwa ada ya mwaka mmoja ya binti yake, aliyekuwa na miaka mitano. Ni mtoto wake wa pekee. Alikaa darasa hili hili, meza ya mbele, chini ya ufagio, chumba na kizoleo. Mgeni akiingia, alikuwa wa kwanza kusimama na kusema, "Baba yangu ndiye aliyechora."

Mwalimu bado yupo. Nywele zimekuwa nyeupe na miwani imeongezeka unene. Amekuja leo kufungua darasa, na swali analijibu kabla halijaulizwa.

"Niliona wiki ile ile," anasema. "Lakini alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, anaitazama kazi yake kama mtu aliyepata mtoto. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa mwaka, mwaka ukawa aibu yangu na mimi."

Alifundishaje, basi?

"Nilikuwa naruka. Watoto wanaimba, mimi naonyesha ufagio kwa fimbo, naonyesha chumba, halafu nakohoa."

"Alikuwa na kifua kibaya sana mwalimu huyu," anasema Brashi kutoka sakafuni.

Wote wawili wanacheka kidogo, kisha wanaacha.

Kwa karatasi ile ile Brashi alichora shule nyingine kumi. Kuta kumi na moja, vizoleo kumi na moja, vyote vyekundu.

Miaka mitano baadaye aliitwa kwenye ukumbi wa sherehe. Kulikuwa na viti viwili vikubwa vya maharusi, na kazi ilikuwa kuandika neno moja nyuma ya kila kiti. Kwenye karatasi aliyopewa, neno la pili lilikuwa "groom". Akamuuliza mwenye ukumbi, kwa mzaha, kizoleo kinawekewa kiti tangu lini.

Mwenye ukumbi hakuelewa. Alipoelewa, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Groom ni bwana harusi, fundi. Kwani wewe ulioa bila kuwa mmoja wao?"

Brashi naye akacheka. Akaandika vizuri, akalipwa, akarudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, akizipitia kuta zake kichwani, moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo anapoacha kukwangua. Anakaa kitako, anapangusa vumbi kwenye magoti.

"Watu wanadhani kosa langu ni kile kizoleo. Kile ni ujinga, na mjinga akielekezwa anajua. Kosa langu lilianza siku nilipojua."

Kwa sababu hakurudi. Kuta mpya alizozichora baada ya hapo ziliishia "broom" na "room". Mwalimu wa huko akiuliza la tatu liko wapi, alijibu kwamba nafasi haitoshi. Zile kumi na moja za zamani aliziacha kama zilivyo. Binti yake wakati huo alikuwa darasa la nne, shule hii hii, na jioni alikuwa anamfundisha mama yake Kiingereza cha ukutani.

"Nilikuwa nasikia," anasema. "Broom, room, groom. Mama yake anarudia. Mimi nimekaa pale pale nakula."

Ingetosha nusu ya kopo la rangi. Ingetosha hata sentensi moja.

Mwaka jana binti huyo, akiwa na miaka kumi na tisa, alipata kazi ya majaribio kwenye ukumbi mwingine wa sherehe. Wiki ya tatu, siku ya harusi kubwa, dereva alishusha boksi lililobandikwa karatasi yenye neno hilo moja. Msimamizi akamwambia binti, "Lipeleke panapohusika."

Akalipeleka stoo ya usafi. Akalipanga vizuri kwenye rafu, kando ya mifagio.

Ndani mlikuwa na viatu vya bwana harusi.

Sherehe ilisimama dakika arobaini. Bwana harusi alikaa chumbani na soksi zake huku wajomba wakipekua mpaka kwenye masufuria. Viatu vilipopatikana, msimamizi alimuuliza binti mbele ya kila mtu ameviwekaje huko.

Hakubabaika. Alisema groom ni kizoleo. Alisema amesoma chini ya picha hiyo tangu mdogo. "Na baba yangu ndiye aliyeichora. Mpigie umuulize."

Kuna mfanyakazi mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile binti aliambiwa asirudi. Kwa muda mrefu, wasichana wa ukumbini wakikutana naye njiani, walimwita Kizoleo.

Simu haikupigwa. Brashi anasema ingepigwa, mpaka leo hajui angejibu nini.

Binti alirudi nyumbani ameshatafuta maana kwenye simu yake. Hakulia, hakugomba. Alimwekea baba yake chai, akakaa karibu naye.

"Akaniambia, 'Usijisumbue, Baba. Hukujua. Tulikosea wote wawili.'"

Fundi anakigeuzageuza kikwangulio mkononi.

"Nikainywa ile chai."

Akaibeba "hukujua" ile mwaka mzima. Mkewe anasema aliona mapema kwamba kuna jambo. "Huyu akichora hupiga mluzi," anaeleza. "Mluzi ukakatika. Nikasema ama anaumwa, ama ana mwanamke." Alipomweleza hatimaye, hakumpa hata pole. "Nilimwambia, unanieleza mimi ili nikufanyie nini? Mwenye jambo anaishi ng'ambo ya pili ya mji, na nauli unayo."

Mwezi uliopita akaenda. Binti amepanga chumba kimoja, na anafanya kazi ya kupiga pasi mashuka kwenye dobi kubwa. Alimkuta anakunja nguo zake. Akamweleza yote, amesimama, kofia mkononi: kile kiti ukumbini, kuta alizozifupisha, chakula alichokila huku anasikia.

Binti aliuliza swali moja tu. "Ulijua nikiwa darasa la ngapi?"

"La nne."

"Ungeniambia darasa la nne, ningecheka, Baba. Tungecheka wote."

Akaendelea kukunja nguo. Baba alipoaga, hakuinuka. Huyu ni mtoto ambaye tangu anajua kutembea hamwachi baba yake aondoke bila kumfikisha barabarani.

Tangu siku hiyo hajafika nyumbani. Jumapili nne zimepita.

Brashi hakungoja. Alianza kuzunguka kuta zake, kila Jumamosi na siku yoyote isiyo na mteja, kwa rangi yake mwenyewe. Ukuta mmoja humgharimu mapato ya siku mbili. Kuta mbili alikuta zimeshapakwa chokaa. Shule moja ilimkatalia mara tatu. Mwenye shule alihofia wazazi wakiona picha inafutwa watauliza na mengine. Mara ya nne alikwenda na mkewe, mlango ukafunguliwa.

Huu wa leo ni wa kumi na moja. Aliuacha uwe wa mwisho.

Saa nne rangi nyeupe imekauka. Mlinzi wa shule anachungulia dirishani na kikombe chake cha uji.

"Fundi, huyo bwana harusi unamwanzia wapi?"

"Kichwani."

"Nasikia kule kwingine ulimwanzia viatu. Watoto wakawa wanauliza mwenye viatu kaenda wapi."

"Kule ni kule."

Ni kweli. Kwenye kuta zote alizokwisha kuzichora upya alianza na viatu, vyeusi, vya kung'aa, kisha ndipo akapanda juu kwenye suruali, koti na uso. Leo anashuka. Uso, tai, koti la kijivu, mikono, suruali iliyonyooka mpaka kwenye pindo. Saa saba mchana anafika kwenye vifundo vya miguu, na hapo anaifunga rangi.

Bwana harusi amesimama ukutani kati ya picha ya chumba na dirisha, amevaa vizuri kabisa, na chini ya pindo la suruali hamna kitu.

Juzi mkewe alimpigia binti simu, akamwambia babake anakwenda kuchora ukuta wa shule yao. Binti akasema maneno matatu: "Mwambie viatu aviache."

"Sijui ana maana atakuja kuvichora," anasema mama mtu, "au ana maana hataki kuviona tena maishani mwake. Sikumuuliza. Katika nyumba hii hatujui kuuliza."

Mwalimu amekubali kumwachia Brashi ufunguo wa darasa hadi Jumatatu. Wanafunzi wataingia saa mbili. Kama viatu havitakuwepo, watakuta mwanamume peku, na mwalimu anasema safari hii atawaeleza wazi, hatakohoa.

Brashi anaosha vifaa vyake bombani. Hakusanyi vyote. Kwenye meza ya mbele anaacha kopo dogo la rangi nyeusi, na juu ya kifuniko chake brashi mpya, nyembamba, ambayo bado ina karatasi ya dukani.

"Mkono wake ni mzuri kuliko wangu," anasema. "Tangu mdogo."

Anashusha kiti kimoja kutoka juu ya meza, anakiweka chini kikitazama ukuta, halafu anafunga mlango.