Kuku wa Mama Mkwe na Mkia wa Motaboti

Mwenye motaboti hauoni mkia wake. Yeye anatazama mbele, shati linapepea, anakupungia mkono kwa furaha zake, na huku nyuma maji yamepasuka mapande mawili yanayokuja kumtafuta mtu asiye na kosa. Nimegombana na watu wa motaboti tangu ujana wangu, kwa sauti na kimoyomoyo, na sina mpango wa kuacha. Ila kuna vijana fulani waliokuja siku moja bwawani upande wa Mbeere, na hao kila nikitaka kuwakasirikia ninaishia kucheka.

Mimi ni mtu wa mlimani. Nilizaliwa juu ya Embu, kwenye baridi na majani chai, na maji niliyoyajua yalikuwa ya mto unaofika magotini na ya karai la kuogea. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapelekwa chini Mbeere, kwenye shule iliyo karibu na bwawa la mto Tana, miaka michache baada ya bwawa kujaa. Wavuvi walikuwa wameshahamia huko kutoka ziwani magharibi. Mmoja wao, jirani yangu katika nyumba za kupanga, akaniundia mashua ndogo ya mbao, yenye mlingoti mmoja na tanga la turubai lililowahi kufunika lori. Jioni baada ya shule alinifundisha kuiendesha. Watu wa pwani wana jina kwa kila ubao wa chombo. Sisi tulisema mbele, nyuma na katikati, na tulifika tulikokwenda.

Somo alilolirudia mpaka nikachoka lilikuwa la motaboti. Upepo, alisema, hukupa habari: unaona maji yakikunjamana kabla haujakufikia. Mawimbi ya motaboti hukujia baada ya motaboti yenyewe kupita, wakati umeshashusha pumzi. Yakikukuta ubavuni, yanakulaza. Tanga linamwaga upepo wake, mashua inapoteza mwendo, na chombo kisicho na mwendo hakisikii usukani. Kwa hiyo geuza pua iyapasue mshazari, na watu wote waketi chini, katikati, wabanane. Uzito ukikaa mbele kabisa na nyuma kabisa, mashua inainama na kuinuka kama mchi, na mwishowe pua inachota maji.

Nililielewa somo hilo vizuri. Shida ni kwamba lilifundishwa na mtu asiyemjua mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimeoa binti wa Kimbeere kutoka ng'ambo ya bwawa, na huko mtu na mama mkwe wake huoneana nthoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu. Hampeani mkono. Hamketi benchi moja. Hamtazamani usoni, na mambo ya uzazi hayatajwi kabisa kati yenu. Ukimgusa, umetafuta kesi ya kutozwa mbuzi. Sikuona ubaya wowote katika hayo, na hata sasa sioni. Nyumba nyingi ninazozijua zingetulia kama watu wangeoneana aibu kidogo.

Mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza kabla ya wakati tuliotarajia, katika zahanati iliyo karibu na shule. Uchungu ulimshika usiku kucha na nusura tumpoteze. Kulipopambazuka walikuwa salama, yeye na mtoto, nami nikavuka kwenda kumchukua mama yake, kwa sababu kwa barabara ungezunguka hadi kwenye ukuta wa bwawa na kungoja gari ambalo pengine halikuwa na nia ya kuja. Nilimpa habari baba mkwe, naye akampelekea mkewe kama ilivyo desturi: amejifungua, ni msichana. Basi. Lakini mama huyo alikuwa amempoteza dada yake katika kujifungua, na jambo hilo lilijulikana kijiji kizima. Alitaka kujua kilichompata binti yake. Mimi nilikuwa nimeyasikia yote mlangoni, na sikuruhusiwa kumwambia hata neno.

Shangazi wa mke wangu ndiye aliyepaswa kusafiri nasi na kukaa kati yetu, lakini alikuwa ameenda Embu mjini. Mama akasema hangoji mtu. Akashuka ufukweni na kibuyu cha uji wa mtama uliochachuka, kwa sababu mzazi hunyweshwa uji uliopikwa na mama yake, na kuku mwekundu aliyefungwa mguu kwenye kiondo. Akaketi mbele kabisa, akanipa mgongo. Mimi nikaketi nyuma kabisa na usukani wangu. Heshima ilikuwa imekamilika, na uzito wa mashua ulikuwa umekaa vibaya kuliko nilivyowahi kuuona.

Tulipoacha ufuko akaanza kuongea na kuku.

"Wewe kuku, ambia mwalimu hii kitu yake isiende mbio sana."

Nilielewa mara moja, nikashukuru. "Kuku, ambia mama asiogope, upepo ni mdogo tu."

"Mwambie siogopi. Nimesema tu."

"Kuku, ambia mama asonge huku katikati kidogo, ndio mashua itulie."

Mama alilifikiria hilo. "Mwambie katikati ni karibu na yeye. Hapa nimetosheka."

Tukaenda. Baada ya kitambo akamwinamia kuku tena, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Uliza mwalimu, watu wa kwake wameamka aje?"

"Ambia mama wameamka vizuri."

"Wote?"

"Wote wawili."

Akakipakata kibuyu. Halikuwa hilo alilotaka kuuliza, na kuku asingeweza kumsaidia zaidi ya hapo. Roho iliniuma kumtazama mgongoni.

Motaboti ikatokea nyuma ya rasi ya mawe. Ilikuwa imebeba vijana wa Nairobi, wageni wa wikendi, wenye miwani ya jua na vichwa vyepesi. Wakatupita kwa kasi, wakatupungia. Nikageuza pua kuelekea mawimbi kama nilivyofundishwa. Wimbi la kwanza tulilipanda. La pili likaikuta pua ikiwa imeinama na mama juu yake, likamwagika lote mapajani pake. Alikuwa amekikumbatia kibuyu kwa mikono miwili, hakubaki na mkono wa kumshika kuku. Kiondo kikapinduka, kamba ikafunguka, na kuku akaruka majini.

"Kuku ameenda," mama akasema.

Hakukuwa na wa kumjibu kupitia kwake. Tulibaki tunamtazama akielea na kupigapiga mabawa.

Vijana nao walimwona. Walikuwa na roho nzuri, lazima niseme, na hapo ndipo penye balaa. Wakageuza motaboti kwa kasi ile ile, wakamnyaka kuku kwa bawa, wakaja moja kwa moja kwetu, mmoja wao amemwinua juu tumwone.

"Kaeni na yeye!" mama akapiga kelele. "Ni wenu! Msikuje!"

Injini haisikii Kimbeere. Wakaja mpaka karibu, wakasimama ghafla. Motaboti ikisimama, mawimbi yake hayasimami pamoja nayo. Yakapita chini yake na kutujia ubavuni, na yale ya mwanzo yalikuwa yamegonga mawe ya rasi na sasa yalikuwa yanarudi kutoka upande wa pili. Tanga likafa, likaanza kujipigapiga. Usukani ukawa mwepesi mkononi, na nikajua mashua hainisikii tena. Mama hakujua kuogelea. Mimi nilijua kidogo, kiasi cha kujiokoa mwenyewe.

"Mama! Kuja hapa! Keti chini, hapa kwangu!"

Hakuna mtu wa Mbeere aliyewahi kumfokea mama mkwe wake hivyo. Akaja akitambaa, kibuyu kwapani, nami nikaacha nafasi yangu ya nyuma, nikajitupa chini katikati, mkono mmoja ukiwa bado kwenye usukani. Tukakutana bega kwa bega. Akanishika goti akalikaza. Mashua ikalala upande mpaka ubao ukagusa maji na kunywa kidogo, ikainuka, ikalala upande wa pili, ikainuka. Kila mara ikawa inalala kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka ikatulia.

Vijana walikuwa wameizima injini. Wakatusogelea kwa kupiga maji kwa mikono, wakamrudisha kuku akiwa hai na amekasirika. "Pole sana, mama," mmoja akasema. "Hatukujua, kweli."

Mama akampokea kuku, akamweka kwenye kiondo. Mkono wake mwingine ulikuwa bado gotini pangu. Maji yalikuwa yametulia na angeweza kurudi mbele. Hakurudi. Akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Niambie," akasema. "Mtoto wangu aliumia?"

"Aliumia, mama."

"Sana?"

"Sana. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na nesi alikuwa peke yake. Kuna wakati binti yako aliacha kulia, na mimi nikaogopa huko nje."

Mkono ukakaza. "Alikuwa anaita nani?"

"Wewe. Mimi hakuniita hata mara moja."

Akacheka huku machozi yakimtoka, na mimi vilevile. Nilijisikia mwepesi, kwa sababu habari hiyo nilikuwa nimeibeba tangu asubuhi bila pa kuitua.

Yule kijana akakohoa kwa adabu. Zahanati ilionekana sasa, bati lake likimetameta juu ya ufuko. "Mama, ingia huku kwetu," akasema. "Hii yetu ni mbio, saa hii hii umefika."

Nilijua ataingia. Mimi ningeingia. Binti yake alikuwa pale, na mjukuu ambaye hajamwona, na uji ulikuwa mzima. Akaitazama motaboti, akalitazama lile bati, akatikisa kichwa.

"Endeni tu, watoto wangu," akasema, "na mwende polepole. Huyu bado ananiambia."

Wakaondoka taratibu, injini ikinong'ona. Nikalivuta tanga likashika upepo, na mama akaniomba nianze tena, tangu uchungu ulipoanza, nisiruke kitu.