Kijiji Kilichoishia Kwenye Mkunjo

Fundi Vioo alitengeneza fremu za picha za maharusi na za wakubwa, na kwa wakubwa hao alikuwa na ombi moja tu: zahanati kijijini kwa mama yake, bibi ambaye pumu ilimbana kila baridi ikiingia. Kila mara afisa mipango wa wilaya alikunjua ramani, akapitisha kidole, akasema kwa upole, "Fundi, hapa hakuna kijiji. Nimjengee nani zahanati, nyani?"

Siku moja wilaya ikamletea kazi. Ramani ya zamani, iliyokaa stoo imeviringishwa miaka nenda miaka rudi, ilitakiwa iwekewe fremu ipambe ukumbi wa mikutano. Fundi akaitandaza mezani. Vilima, mto, na pale chini ya kilima, kijiji cha mama yake, na jina lake, na kisima chake! Furaha ikamjaa hata akapiga makofi peke yake.

Karatasi ndiyo kazi yake, kwa hiyo kisa alikijua palepale. Nakala za ofisini zilikunjwa, na kijiji kiliangukia kwenye mkunjo. Wino ukafutika, wachoraji wapya wakanakili pengo. Watu hai na mbuzi wao wakatoweka hivi hivi, na hakuna afisa aliyejisumbua kwenda kuangalia, kwa kuwa njia ya kule inachafua gari.

Akaipeleka ramani hiyo wilayani mwenyewe, kavaa shati lake la harusini. "Mheshimiwa, kijiji hiki hapa."

Afisa akavaa miwani. "Lo! Kumbe kilikuwepo!"

"Kipo, mzee. Mama yangu yumo."

"Kilikuwepo," afisa akarudia, macho yakimng'aa. "Kwenye ramani ya zamani kipo, kwenye mpya hakipo. Hiyo ni historia, fundi! Niachie mimi."

Fundi akarudi akipiga mluzi. Na wilaya, ambayo haijapata kuharakisha jambo, safari hii ikaharakisha. Gari likaenda, likachafuka, vibarua wakasimika kibao kikubwa karibu na kisima.

Alipokwenda kumwona mama yake, alimkuta ameketi chini ya kibao hicho, anahema kwa shida.

"Mwanangu, macho yangu hayasomi tena. Wameandika zahanati inaanza lini?"

Fundi akasoma kimoyomoyo: MAGOFU YA KIJIJI CHA KALE. USIGUSE WALA USIONDOE CHOCHOTE.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nisikuguse, mama," akajibu kwa uchungu, akachuchumaa, akambeba mgongoni, wakaishika njia ya mjini.