Wifi Yangu Hashiki Funguo za Nyumba Yangu, Hata Ndege Ituache

Admin, weka kisa changu lakini jina nifichie, maana hapa Mikumi tunajuana wote. Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, nina mgahawa kando ya barabara kuu, mume wangu ni fundi magari. Mtoto wetu wa kwanza anafanya kazi Dubai, na mwaka huu katuambia, "Mama, wewe na baba njooni mpumzike wiki mbili, usipike wala usifue." Tunaondoka Ijumaa. Au niseme tulikuwa tunaondoka Ijumaa.

Maandalizi yote nimeyabeba mimi. Pasi za kusafiria nimezihangaikia mimi, chanjo nimemburuza mume wangu twende, hadi viatu nimemnunulia maana yeye alishajiandaa kupanda ndege na ndala. Nyumba ndiyo usiseme. Mahindi nimeyahamishia kwa jirani, kwa sababu huku kwetu tembo akinusa gunia kwenye nyumba isiyo na watu anabomoa ukuta. Kuku nimempa jirani huyohuyo, na yeye ndiye nimemwambia atakaa na funguo, awe anawasha taa jioni na kufagia uwanja. Si ndugu yetu, lakini miaka yote tuliyokaa naye hajawahi kugusa hata kijiko changu.

Hapo ndipo nilipochokoza nyuki. Jumamosi tulienda Chanzuru kumuaga mama mkwe, ambaye anaishi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Tumesalimia, tumekunywa chai, wifi akauliza, "Na nyumba mnamwachia nani?" Mume wangu akaanza kukagua kucha zake. Nikajibu mwenyewe, jirani.

Wifi akacheka kicheko cha puani. "Kwa hiyo mimi mwizi."

"Hilo umelisema wewe, wifi."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Funguo mmempa mtu baki, basi na radhi kaombeni kwa mtu baki." Akainuka akaingia chumbani, hakutoka tena mpaka tunaondoka. Na mume wangu bila radhi ya mama yake hata Morogoro mjini haendi, sembuse Dubai.

Sasa nyie mtasema nina roho mbaya, funguo tu. Subirini niwaambie. Miaka sita iliyopita nilifiwa na binti yangu wa mwisho, alikuwa na miaka miwili, homa ya siku chache tu ikamchukua. Baada ya arobaini nikaenda kwetu Kidete kupumzika, funguo nikamwachia wifi, maana mume wangu alikuwa anashinda gereji. Niliporudi nikafungua sanduku la bati nililowekea nguo za mwanangu. Tupu. Hata soksi hakuna. Nikamuuliza wifi, akanijibu bila hata kupepesa macho, "Nguo za marehemu hazifugwi ndani. Ukizifuga hutashika mimba nyingine."

Miezi michache baadaye nikiwa sokoni Kilosa nikaona mtoto wa watu kavaa sweta la njano nililolifuma kwa mikono yangu. Niliacha nyanya zangu chini nikamfuata yule mama hadi stendi. Sikumwambia kitu, angeniona kichaa. Nilirudi nyumbani nalia, nikaapa wifi hatashika tena kitasa changu. Shughuli zake siendi, akija kwangu natoka. Miaka sita nimemlaani kwa mdomo wangu huu, mume wangu akinisikia, na mara nyingine ananibembeleza eti ninyamaze, ni damu yake.

Jumapili tulikuwa tunapanga mabegi. Akaniambia, "Mpe dada funguo, mama atupe radhi, tuondoke." Nikamwambia bora ndege ituache. Akatupa shati kitandani akasema, "Utamchukia dada yangu mpaka lini? Zile nguo mimi ndiye niliyemwambia azitoe. Ulikuwa unazinusa kutwa nzima, chakula huli. Niliona utarukwa na akili. Nikamwomba asiseme, naye akakubali umchukie yeye ili usinichukie mimi."

Niliketi juu ya begi. Nilitamani kumpiga na kiatu. Nikamuuliza, "Na siku ile nimekuja nalia kutoka sokoni, ulikuwa unaniangalia tu?" Akasema, "Ningesemaje?"

Sasa bwana huyu anataka nirudi Chanzuru nikamwombe wifi msamaha, nichukue na radhi. Msamaha! Lile neno la mimba alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, hakutumwa. Wale mliojiandaa kuniandikia "samehe dada, yaliyopita si ndwele," piteni kimya kimya. Hamjazika.

Lakini mwanangu wa Dubai kaomba likizo kwa ajili yetu, sijamtia machoni miaka mitatu, kila siku anapiga kuuliza kama begi limefungwa. Nikisafiri, ni wiki mbili chumba kimoja na mwanaume ambaye sasa sijui nimkalie vipi. Nisiposafiri, nimweleze nini mtoto, kwamba nguo za mdogo wake alizigawa baba yake? Yeye hajui lolote. Nimefikiria pia kwenda peke yangu, nimwache huku na mama yake na dada yake na siri zao.

Yeye mwenyewe tangu aseme kawa mwepesi. Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba anafyeka majani ili nyoka wasiingie tukiwa hatupo, na anapiga mluzi. Namsikia hapa jikoni. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini na mtu anayepiga mluzi?