Uso wa Mama kwenye Televisheni ya Wakwe

Sitaki mtu aniambie hayo ni mambo ya zamani. Hasira ninayo mpaka leo, na kila nikipita mbele ya nyumba ile ya wakwe wa dada yangu pale Tabora, damu inanichemka upya.

Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni. Huku bara hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, lakini nyumba ile ilikuwa na televisheni ya rangi na deki ya video, vyote vimeletwa na jamaa yao wa Maskati. Jamaa huyohuyo ndiye aliyekuja na kamera akapiga video ya harusi ya dada. Sisi ni watoto wa seremala wa mtaa wa Chemchem, weusi tititi, na mama alituzidi wote. Wakwe walikuwa weupe. Shemeji mwenyewe hakuwa na neno, mtu wa watu kabisa. Balaa lilikuwa mjomba wake, mwenye televisheni.

Mama alifariki kabla mwaka wa harusi haujaisha. Hakuwa mtu wa picha. Moja tu aliyowahi kupigwa, ya kadi ya chama, ililiwa na mchwa. Basi uso wake ukabaki kwenye mkanda ule wa harusi tu. Tulipomaliza arobaini nikaenda kumwomba mjomba atuwekee.

Kumbe mjomba alishaipanga picha apendavyo yeye. Mwanga kaushusha, rangi kaipandisha, ili ndugu zake wasing'ae kupita kiasi na kanzu zao zionekane mpaka mishono. Walipendeza, sikatai. Mama alipotokea, ilikuwa kanga inatembea peke yake. Kanga chini, kilemba juu, katikati giza. Watoto wa nyumba wakacheka. Nikamwomba mjomba kwa adabu zote aongeze mwanga kidogo tu, tumwone marehemu. Akanijibu bila hata kugeuza shingo.

"Binti, picha imekaa sawa. Mama yako alikuwa mweusi, unataka televisheni ifanyeje?"

Hebu niambie, mtu umetoka kuzika! Nje huko kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mwenyekiti, ndugu muuza mkaa, na mjomba huyuhuyu kwenye mikutano alipiga makofi mpaka viganja vikamwiva. Nikamtazama dada. Dada akatazama mkeka. Nikaondoka bila kuaga, na dada nikamnunia.

Mvua zilipoanza, umeme ukawa unakatika na kurudi kwa kishindo. Deki ikagoma, mkanda ukiwa umenasa ndani. Wakaipeleka kwa fundi redio, ambaye ni jirani yetu Chemchem, ukuta kwa ukuta. Fundi alikuwa na televisheni kuukuu isiyo na rangi, ndogo, ya kujaribia kazi. Asubuhi moja akaniita dirishani, akasema deki imepona na mama yenu yumo humu, njooni. Kununa kwangu nikakuweka pembeni, nikamwita dada, akaja mbio na baibui lake.

Mwanzoni giza lilikuwa lilelile, tena baya zaidi. Fundi akazungusha kitufe cha mwanga, akaupandisha, akahamia kwenye kile cha kukoleza weusi na weupe, akakilegeza. Kanzu zikaanza kuungua kwa mwanga, wakwe wakawa kama mashuka yaliyoanikwa juani. Na mama akatoka. Mwanya wake, kovu lake la shavuni, macho yake. Nililia kwa sauti na sikuona haya.

Tukamwomba fundi arudishe mkanda, tumwone tena. Ndipo tukaona. Kwa mjomba tulidhani mama alikuwa anapita tu nyuma ya bibi harusi kwenda uani. Kumbe alikuwa amesimama mahali pake, nyuma ya mwanawe, ametengeneza kilemba, anangoja kupigwa picha. Ukaja mkono wa mwanamume, wenye saa nene, ukimfanyia ishara ya toka, toka. Mkono huo tulikuwa tumeuona, tukadhani unaita wapishi. Mama akatabasamu, lile tabasamu lake la kuomba radhi, akainamisha kichwa, akajiondoa. Saa ile ya dhahabu, hata bila rangi, tuliijua sote ni ya nani.

"Nilikuwa nimekaa mbele yake," dada alisema. "Sikugeuka."

Alirudi kwake, na deki ikarudishwa.

Siku ya Idi nikaenda kwa wakwe kwa ajili yake yeye tu. Sebule ilijaa, wageni wengine wametoka Igunga, na mjomba kama kawaida yake akawawekea harusi, akijisifia televisheni. Dada alikuwa anagawa kahawa. Ilipokaribia sehemu ile, akaweka birika chini, akapiga magoti mbele ya televisheni, akazungusha kitufe cha mwanga mpaka mwisho. Kanzu zote zikaungua. Mjomba mle kwenye picha akabaki ndevu na saa. Mjomba wa kwenye kiti akafoka kwamba anaharibu picha.

"Siharibu, mjomba," dada alisema, mkono bado uko kwenye kitufe. "Huyu ni mama yangu. Na huo ni mkono wako."

Hakuna aliyeinuka kumzuia. Mama akatabasamu, akainamisha kichwa, akatoka kwenye picha, safari hii sebule nzima inamwona.