Nyimbo za Karantini kwa Mtu Mmoja Aliyekuwa Ndani

Nilichomoa waya. Sikuuliza, sikubisha hodi. Nilivuka uchochoro nikiwa na kanga mbili na ndara za mama mkwe, nikaingia ndani ya kibanda cha kurushia watu nyimbo kwenye simu, nikaufuata waya wa spika mpaka ukutani, nikauvuta. Kimya kilichoanguka hapo kilikuwa kitamu kuliko singo yoyote iliyotoka mwaka ule.

Siku hiyo nilikuwa nimefikisha siku ya ishirini na sita tangu nijifungue. Mtoto wangu alikuwa ameshika ziwa, akavuta, akameza, akavuta tena, macho yakaanza kulegea. Ndipo maiki ikakohoa huko nje na sauti ya jirani mwenye kibanda ikasema: kwa wapenzi wote mliopo karantini, leo kuna vyuma vipya vitano, nyimbo kali, tunaanza na cha moto. Besi ikapiga. Mtoto akatupa mikono juu kama aliyeanguka kutoka kitandani, akaachia ziwa, akalia mpaka akawa mwekundu. Nikamlaza kwa bibi yake, nikatoka.

Pale kibandani walikuwepo watu kama thelathini hivi, bega kwa bega. Hakuna aliyeshangaa kwamba nimezima mziki. Walishangaa kwamba mzazi ametoka nje. Mama mmoja wa genge la mboga akashika kiuno na kuuliza wenzake kama arobaini siku hizi imekuwa ishirini. Mwenye kibanda, kijana anayemwita mume wangu kaka, alinitazama kwa huruma kabisa, kama daktari.

"Shemeji," akasema, "sasa mbona unanizimia? Mtaa huu wote, aliye ndani ni wewe. Hizi nyimbo nakupigia wewe."

Na alikuwa anasema kweli. Hicho ndicho kilichoniuma.

Ule ulikuwa mwaka wa korona. Kwenye simu tuliona miji ya watu imefungwa, watu wanaimba madirishani, wanapeana orodha za nyimbo mpya za kusikiliza wakiwa wamejifungia. Huku kwetu Singida hakuna aliyefungiwa. Shule zilifungwa, ndiyo, na harusi zikapungua, lakini soko lilikuwa soko, bodaboda bodaboda, na watu wa Unyambwa waliendelea kuleta kuku wao mjini kama kawaida. Karantini pekee iliyokuwepo mtaani kwetu ilikuwa yangu, na haikuletwa na ugonjwa. Ililetwa na mama mkwe. Kwao mzazi hatoki mpaka siku arobaini. Anakaa chumbani, anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa uwele mpaka anatoa jasho la uwele, kichwa kimefunikwa, dirisha limefunguliwa kiasi cha kupita panzi. Dirisha hilo linatazama kibanda cha nyimbo. Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu nilipovuka.

Kabla ya korona kijana huyu alikuwa hana madhara makubwa. Unampelekea simu, anakurushia nyimbo, unaondoka. Spika yake ilikuwa ndogo, inakoroma tu. Balaa lilianza serikali ya mtaa ilipotafuta njia ya kuwakumbusha watu kunawa mikono. Walikuwa na spika kubwa ya mikutano na sabufa yake, imekaa ofisini inaliwa na vumbi. Wakaona kibanda kina umeme, kina kijana mwenye sauti, wakamkabidhi. Mbele wakaweka ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Makubaliano yalikuwa dakika tano asubuhi na dakika tano jioni: naweni mikono, msisogeleane, kohoeni kwenye kiwiko.

Kijana akagundua kwamba tangazo tupu halina wasikilizaji. Akaweka wimbo mmoja kabla, ili watu wasogee. Kisha mmoja baada, ili wasiondoke. Kufikia wiki ya pili alikuwa na kipindi, kinaanza saa tatu asubuhi kinaisha adhuhuri, kinarudi saa tisa. Watu walikuja kutoka mitaa ya jirani, wanajaa pale, wanasukumana, ili wasikie vizuri wanavyoambiwa wasisogeleane.

Na alikuwa mpendekezaji mwenye bidii, hilo nampa. Kila wimbo alikuwa na sababu yake kwa mtu aliyejifungia.

Alianza na bongo fleva. Kijana fulani anaimba kwamba tangu mpenzi aondoke hapati usingizi, anageuka kushoto, anageuka kulia, mto umelowa. Jirani akashauri tuisikilize tukiwa tumelala chali, tutulie. Nilimwambia mwanangu: huyu halali, wewe hulali, na mimi silali, tuandikishe kikundi tuombe mkopo wa halmashauri.

Ikafuata singeli. Hii aliipendekeza kwa mazoezi ya ndani. Mdundo wake ni mashine ya kusaga iliyokunywa gongo, na mwimbaji anakimbizana nayo kama ana deni la unga. Mimi nilikuwa nimeshonwa nyuzi na kidonda hakijakauka. Kukaa tu nilikuwa nakaa upande mmoja. Mazoezi ya ndani!

Kisha kwaya. Wiki ile kila kwaya ilikuwa imetoa wimbo wa korona, na hii ilikuwa na beti saba, kila ubeti dalili moja. Sauti ya kwanza wanaleta homa, ya nne wanajibu kikohozi. Nilipouliza ni nani ameomba ipigwe mara tatu mfululizo, niliambiwa ni salamu kutoka kwa bibi wa mtoto mchanga. Mama mkwe alikuwa anatoka kwenda kuteka maji, kumbe anapitia pale kutuma salamu. Aliporudi na ndoo kichwani anaitikia ile sauti ya nne, nilimtazama tu. Kumwambia neno mama mkwe anayekukanda ni kazi. Maji ya moto yako mkononi mwake.

Rumba ilikuwa ya mchana, ya kusaidia chakula kishuke. Gitaa dakika nane, kisha mwimbaji anaanza kutaja majina ya watu waliomfadhili, mmoja mmoja, kama mahudhurio ya darasa. Taarabu ilikuwa nzuri, nisiwe mnafiki. Mama aliyeimba alisuta mpaka nikatamani kumpigia mwenye kibanda wimbo ule ule, ila ningempigia kwa spika gani?

Na kama mtu ananiuliza mimi ni singo ipi ya kusikiliza ukiwa umefungiwa, ninayo moja. Siku moja alipiga wimbo wa Kinyaturu wa mama mmoja mtu mzima, amerekodi juzijuzi, hauna besi wala kinanda, ni sauti yake na makofi ya wenzake wawili nyuma. Mwanangu alinyonya mwanzo wa wimbo hadi mwisho na akalala ziwa likiwa mdomoni. Nikatuma mtu amwombe aurudie. Jibu likaja kwamba ule aliupiga kwa makosa, hauna biti, wateja wanatawanyika.

Yote haya ningeyacheka hata wakati ule, kama ninavyoyacheka leo, isingekuwa kadi ya kliniki. Mtoto alizaliwa na kilo mbili na nusu na kitu. Siku ya kliniki, ambayo ndiyo pekee niliyoruhusiwa kutoka, nilifunikwa kama gunia la vitunguu nikapakiwa kwenye bajaji. Nesi akamweka kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena. Akaandika kilo mbili na robo. Wiki tatu duniani, na mtoto alikuwa amepungua. Nesi aliniuliza ananyonya vipi. Nikasema ananyonya kidogo, anashtuka, anaachia, analia, analala kwa kuchoka kabla hajashiba. Akaniuliza kama nyumbani kuna kelele. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema hakuna.



Nesi akasema nimlete tena Jumatano ya wiki inayofuata. Asipoongezeka, anaandikiwa kwenda hospitali kubwa, na mwaka ule hakuna aliyetaka kumpeleka kichanga hospitali kubwa. Baba yake alikuwa Rungwa kununua asali, huko ambako simu inashika ukipanda juu ya lori. Kwa hiyo tulikuwa mimi, mtoto, mizani na vyuma vipya vitano kila siku.

Nirudi kwenye waya. Baada ya kuuchomoa niliwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto wangu anapungua kilo kwa sababu ya spika ile. Wengine wakainamisha macho. Kijana akasema pole sana shemeji, atapunguza. Nilikuwa sijamaliza kuvuka uchochoro alipouchomeka tena, na akatoa wimbo unaofuata kama zawadi kwa shemeji yetu aliyetutembelea. Walishangilia.

Mama mkwe alinikuta mlangoni. Alisema nimeingiza upepo mwilini, na nimemwaibisha, na kwamba watoto wa siku hizi ni wepesi, yeye alilea saba kando ya mashine ya kukamua alizeti. Nikamwonyesha kadi. Yeye hajui kusoma, lakini mstari wa kadi ile hauhitaji shule, ulikuwa unashuka. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akamchukua mtoto, akakaa naye kitandani, akanigeuzia mgongo. Mlango aliuacha wazi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimkuta nje ya ofisi anapiga mswaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si mzazi wewe? Umetoka na ruhusa ya nani?"

Nikamweleza, na kadi nikamwonyesha. Alisikiliza akisukutua. Akasema spika ile ni ya serikali ya mtaa, tangazo lile ni la afya, na kulalamikia tangazo la afya kipindi cha janga ni jambo zito, haliletwi kwa mdomo na mtu mwenye ndara. Lazima liandikwe. Alisema hivyo akidhani nitakata tamaa nirudi ndani. Hakujua kwamba nilisoma mpaka kidato cha nne, na kwamba kwenye mtihani wa mwisho swali la barua rasmi ndilo pekee nililolipata lote.

Nikaomba karatasi. Akasema ofisi haina. Nikanunua daftari dukani, nikachana ukurasa wa katikati, nikaiandika barua juu ya meza yake mwenyewe. Kisha nikasubiri mpaka alipoipigia muhuri wa kupokelewa, na nikahakikisha ameigonga na nakala yangu pia. Ilisema hivi:

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SPIKA YA MTAA

Mimi ni mkazi wa mtaa huu, nyumba inayotazamana na kibanda cha nyimbo. Nina mtoto wa siku ishirini na saba.

Ofisi yako ilimkabidhi mwenye kibanda spika ya kutangaza kunawa mikono, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Spika hiyo inapiga mziki zaidi ya saa tano kwa siku. Tangazo ni fupi kuliko wimbo mmoja, na wanaokuja kulisikiliza wanasongamana kinyume cha tangazo lenyewe.

Mtoto wangu hawezi kunyonya wala kulala. Alizaliwa na uzito wa kutosha, sasa amepungua. Kadi yake nimeileta, umeiona kwa macho yako.

Niliulizwa kliniki kama nyumbani kuna kelele, nikajibu hakuna. Jibu hilo nalifuta kwa barua hii, na nakala nampelekea nesi leo.

Naomba spika irudishwe ofisini leo kabla ya saa tatu, au itumike dakika kumi zilizokubaliwa na si zaidi. Mtoto anapimwa tena Jumatano. Kama hamtaiondoa, naomba mniandikie kwa maandishi kwamba mlielezwa mkakataa, ili karatasi hiyo niiambatanishe na kadi yake.

Wako,
Mama wa mtoto.