Unga wa Mazoezi

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka huu, nilimpoteza mke wangu. Aliugua siku tatu tu. Alikuwa mpishi katika kituo cha wanafunzi hapa Lubumbashi, nyumba ambamo vijana wa chuo kutoka kila upande wa nchi wanakutana, wanakula pamoja, wanafundishana nyimbo na lugha za kwao. Mimi ni zamu, mlinzi wa nyumba hiyo. Ninafungua lango na kulifunga. Tuliishi sote wawili katika chumba cha nyuma.

Sisi ni watu wa Kilwa ya huku kwetu, kando ya ziwa, si ile ya pwani. Katika ukoo wa mke wangu, mume aliyefiwa haachiliwi kwa sababu tu kilio kimeisha. Anabaki na mufu, roho ya marehemu, mwilini mpaka wakwe wamtoshe, yaani wamwondolee: wanamkalisha kwenye mkeka, wanampaka unga mweupe usoni na kifuani, wanamwambia aende. Kabla ya hapo hali sahani moja na watu. Wa kunitosha alikuwa mama mdogo wa marehemu, naye yuko Kilwa, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Shemeji yangu, anayeuza samaki mtaa wa Kampemba hapa mjini, aliniambia ningoje. Nikangoja mwezi wa tatu, nikangoja wa nne. Wanafunzi waliniletea chakula chumbani, kwa heshima, na nilikula nikitazama ukuta.

Kituo kilikuwa kinatayarisha siku ya mila. Kila kundi lionyeshe jambo la kwao. Vijana wa Kivu walichagua harusi. Wa upande wetu wa ziwa walikuwa watatu tu, na binti mmoja kati yao akasema wataonyesha namna mfiwa anavyoachiliwa. Ila hawakuwa na mtu wa kukaa kwenye mkeka. Wa Kivu wakawacheka: sisi tuko na bibi harusi, ninyi hata mufiwa hamuna. Ndipo binti akanijia.

"Papa, ni mazoezi tu," alisema. "Utaikala, nitakupaka, tutamaliza."

Ningeweza kukataa. Niseme ukweli: nilitaka.

Binti alikuwa amemwona nyanya yake akifanya, mkono wake haukukosea. Akasema maneno yenyewe, kwa lugha yetu: nenda, hatukushiki tena. Nilifumba macho. Nilipolia wenzake walipiga makofi, wakidhani ninaigiza vizuri.

Mchana ule nilinawa, nikaketi kwenye meza yao. Nikamega bukari, ugali wa kwetu, nikachovya katika sahani yao ya sombe, majani ya muhogo. Wakafurahi, wakanisogezea samaki. Yule binti peke yake aliacha kula, akanitazama.

Siku tatu nilikula nao. Siku ya nne, Jumapili baada ya misa, nilikwenda Kampemba kumwambia shemeji. Alinisikiliza huku akipanga samaki.

"Nani alikutosha?"

"Mutoto moja wa chuo."

"Iko wa ukoo wetu?"

"Hapana."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Basi shemeji, uko mukwe wa chuo sasa. Ubaombe bakuozeshe na bibi mwingine."

Kisha akampigia simu mama mdogo wa marehemu, akaniwekea simu sikioni. Mama alisema polepole kwamba hana hasira. Lakini marehemu ameona mume wake akifanya mchezo juu yake, na yeye hawezi kuja kunitosha kama kwamba hakuna kilichotokea. Ningoje mwaka utimie. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Nilirudi kituoni kwa miguu. Chakula kilipoiva nikabeba sahani yangu hadi chumbani, na hakuna aliyeniuliza. Nilimwambia binti sitakaa tena kwenye mkeka. Alilia, akaniomba msamaha. Nikamwambia kosa si lake.

Siku yenyewe ya mila walimkalisha mwanafunzi mwenzao, aliyevaa koti jeusi la kuazima. Kundi lao lilipoitwa, mimi nilikuwa nje ya lango, nikimwelekeza dereva wa wageni arudishe gari nyuma.